Vumbi la Meno ya Wengine

Kama umemeza dawa za kifua kikuu ukazimaliza, ukapewa nyingine, na bado unakohoa, nakuandikia wewe. Sijui kama yako ni kama yangu. Huenda siyo. Lakini wakati ule nilipokuwa nikikaa kwenye mabenchi ya hospitali hapa Thika, ningefurahi kusoma maneno ya mtu mmoja tu aliyepita njia hiyo kabla yangu, hata kama hana habari njema sana.

Naitwa Mwende. Nilizaliwa upande wa Matuu kule Ukambani, nikaolewa Thika, na nyumba yetu iko mtaa wa Landless. Kwa zaidi ya miaka kumi nilitengeneza mataji ya meno katika maabara moja ndogo kule Ruiru. Taji ni ile kofia ambayo daktari wa meno hulivisha jino lililovunjika au kutoboka. Wengi hudhani daktari mwenyewe ndiye anayeitengeneza. Yeye hulichonga jino lako, huchukua umbo la kinywa chako kwa ule uji unaoganda, kisha hututumia sisi mafundi. Sisi hatukujui uso. Tunakijua kinywa chako tu.

Tulimimina plasta ndani ya lile umbo tukapata meno yanayofanana na yako. Juu ya jino la plasta nilichonga jino la nta. Hilo la nta lilizikwa ndani ya unga mweupe uliokorogwa na maji ukakauka kama simiti, likatiwa kwenye tanuri mpaka nta ikayeyuka ikaacha shimo, na ndani ya shimo tukamwaga metali ya moto. Ikishapoa tulivunja ule unga mgumu kwa nyundo ndogo, tukaipiga metali kwa mchanga laini unaosukumwa na hewa hadi ikatakata, halafu tukaisaga kwa mashine mpaka ikawa nyembamba kama ganda la yai. Mwisho ndio ulikuwa utamu wangu: unga wa kauri. Nililowesha kidogo, nikapaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka, rangi ya maziwa huku juu, rangi ya chai kidogo karibu na ufizi, kisha tanuri tena. Jino lilitoka likiwa na uhai. Nililiweka kwenye kiganja nikaligeuza mbele ya taa, na sikutaka kumpa mtu.

Nasimulia haya yote kwa sababu kila hatua ina vumbi lake. Plasta ina vumbi, ule unga wa kuzika nta una vumbi, mchanga ni vumbi tupu, metali ikisagwa hutoa moshi mweusi unaong'aa ukiangaliwa juani, na kauri hata ukifungua tu kopo lake inapaa. Chumba chetu kilikuwa orofa ya tatu, na dirisha lilifungwa karibu siku zote kwa sababu upepo ulipeperusha kauri. Jioni nikijipangusa uso, kitambaa kilitoka kijivu. Barakoa tulikuwa nazo, zile za kitambaa, na joto likizidi zilishuka zikakaa shingoni. Hakuna aliyetuonya kuhusu vumbi. Tulionywa kuhusu moto, na kuhusu kukosea rangi.

Kikohozi kilianza msimu wa baridi, Julai, wakati kila mtu Thika anakohoa. Kwa hiyo hakuna aliyekiona. Aliyenifundisha kazi, Mzee Mutuku, alikaa meza iliyo karibu na mashine ya mchanga, naye alikuwa na kikohozi chake cha miaka. Alikohoa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba katika mkutano.

"Hicho ni kikohozi cha kazi," aliniambia. "Kunywa maziwa. Maziwa yanashusha vumbi."

Nikanywa maziwa. Baridi ikaisha, jua likarudi, mvua fupi zikaja, na kikohozi kikabaki. Kilikuwa kikavu, hakikutoa chochote, kilinipiga tu mbavu. Kisha ngazi za kazini zikaanza kuwa ndefu. Nilisimama kwenye orofa ya kwanza nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kanisani niliimba kwaya ya akina mama, sauti ya kwanza, na Jumapili moja pumzi iliniisha katikati ya mstari wakati wenzangu wanaendelea. Nilibaki nimefungua mdomo bila sauti. Jirani yangu alinitazama, akadhani nimesahau maneno.

Njoroge, mume wangu, ndiye aliyenipeleka hospitali, mwanzo wa mwaka. Anauza vipuri vya pikipiki mjini, na hakuwa mtu wa kufunga duka ovyo, kwa hiyo nilijua ameogopa. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ilionyesha. Yule aliyenihudumia aliinua picha kwenye dirisha akaniambia mapafu yote mawili yana madoa huku juu.

"Tutakutibu kama TB," akasema. "Inafanana nayo kabisa."

Simlaumu. Inafanana kweli. Hata wale walioijua baadaye walisema inafanana.

Benchi la wagonjwa wa kifua lilikuwa nje, nyuma ya jengo, ili upepo upite. Tulikaa mbalimbali. Mtu akija, anachagua mahali ambapo hatamgusa mwenzake, utadhani tunangoja kuhukumiwa kila mtu kwa kesi yake. Asubuhi moja ya manyunyu mama mmoja muuza mboga alikuja akaketi karibu nami kabisa, akanifunika nusu ya leso yake. Nikasogea.

"Unasogea kwa nini?" akaniuliza.

"Nisikuambukize, mama."

"Sisi wote tuko hapa kwa hiyo kitu. Unataka kunipa nini ambacho sina?"

Tulikaa hivyo hadi tukaitwa. Sikumuuliza jina, na wiki zilizofuata sikumwona tena. Ukiwa mgonjwa unajifunza kutouliza sana aliyekosekana kwenye benchi.

Dawa zilinigeuza mtu mwingine. Mkojo ulikuwa rangi ya Fanta, jasho likatia madoa kwenye fulana, magoti yakauma kama ya bibi mzee. Chakula chote kilikuwa na ladha ya msumari. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inazunguka yenyewe, nikaizungushia uzi ndani isianguke. Kucha zangu zilianza kuvimba na kujipinda kwenye ncha. Mikono niliyoitegemea kuchonga nta niliiangalia nikaona ni ya mtu mwingine.

Nilikuwa bado wiki za mwanzo za dawa wakati mama mkwe wangu aliposhuka kutoka Gatanga. Sisi tunamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, kama binti yangu anavyomwita. Binti yangu ni Wairimu, amepewa jina lake, na wakati huo alikuwa chekechea. Cucu alileta ndizi na majani chai, akaviweka mezani, lakini hakuketi.

"Mama Wairimu, usikasirike," alisema. "Mtoto ataenda na mimi mpaka upone."

"Cucu, daktari amesema nikimeza dawa kidogo tu siambukizi tena."

"Daktari hana mjukuu hapa." Alitazama sakafu. "Mimi nilizika dada yangu na huo ugonjwa. Alikuwa anakohoa hivyo hivyo, usiku na mchana, na sisi watoto tukilala na yeye kitanda kimoja. Ndugu yetu mdogo alimfuata."

Nilimgeukia Njoroge nikitegemea atasema neno. Alikuwa tayari anakunja nguo za mtoto. Alizikunja vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akikunja kitu chochote, akinipa mgongo.

Wairimu aliniuliza kama atarudi kesho. Nikamwambia akirudi nitakuwa nimepona. Nilitaka kumkumbatia, Cucu akamshika mkono kwanza.

Njoroge hakunitupa. Nataka hilo lieleweke. Alipika, alifua, alinichemshia maji ya kuoga. Lakini alihamia kwenye kiti kirefu cha sebuleni, kikombe changu kikawekwa peke yake dirishani, na akaanza kubisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Angebisha, aweke chai kwenye stuli, arudi nyuma hatua kadhaa ndipo aniulize nimeamkaje. Ukiishi na mtu anayekubishia hodi, unaanza kujiona mgeni, halafu unaanza kujiona marehemu.

Miezi michache ya dawa ilipopita niliruhusiwa kurudi kazini. Hapo ndipo ninapoumia nikikumbuka. Mzee Mutuku alinipokea kwa furaha, meza yangu ilikuwa imerundikana kazi, na mwenye maabara aliniambia wateja wamekuwa wakiuliza yule mama wa rangi yuko wapi. Nilifurahi. Nilikuwa nikimeza dawa asubuhi, halafu nakwenda kukaa ndani ya ugonjwa wangu mchana kutwa.

Nilimaliza dawa. Wakanipongeza. Baridi iliporudi, nilikuwa siwezi kuvuka uwanja wa kanisa bila kushika ukuta.

Picha ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Wakasema ugonjwa umerudi, au haukuondoka, na wakaniuliza kama nilikuwa nikiruka siku. Nikasema sikuruka. Waliniandikia dawa tena, na safari hii muda wake ulikuwa mrefu zaidi. Cucu alipoambiwa, alimwandikisha Wairimu shule ya kule Gatanga.

Jioni moja niliingia chumbani nikamkuta Njoroge amepiga magoti, mkono wake uko chini ya godoro. Nilidhani ameangusha kitu.

"Unatafuta nini?"

Hakuutoa mkono.

"Baba Wairimu, nakuuliza."

"Vidonge," akasema. "Nilifikiri labda unavificha. Labda vinakuchoma tumbo, ukaamua… sijui."

"Nikivificha nipate nini? Nisipone? Mtoto asirudi?"

"Sasa mbona huponi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyefika mwisho wa akili yake. Alirudisha godoro vizuri, akavuta shuka ikanyooka, akatoka. Nilikaa pale kitandani na sikulia, kwa sababu kulia kulikuwa kunanimaliza pumzi.

Nilikwenda Gatanga nilipoweza. Cucu aliniwekea stuli uani, Wairimu akakaa kwenye ngazi ya mlango upande wa pili, kuku wakipita katikati yetu. Alinionyesha daftari zake kwa mbali. Aliniimbia nyimbo za shule. Kila nikienda alikuwa amerefuka, na kila nikienda Kiswahili chake kilikuwa kimepungua na Kikuyu kimeongezeka, na mimi Kikuyu changu ni cha kununua nyanya. Wakati mwingine alisema kitu akacheka na Cucu, nami nikatabasamu bila kujua wanacheka nini.

Mvua za masika zikaja na zikaenda. Ni dada yangu aliyesikia kwamba kuna daktari wa kifua anayekuja kliniki moja ya hapa Thika siku fulani za wiki. Mimi na Njoroge tulifika mapema na tayari viti vilikuwa vimejaa. Televisheni ilikuwa inaonyesha mapishi bila sauti. Mzee mmoja alikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni kwenye kigari, na mrija wake ulikuwa umemwachia alama mashavuni. Nilimtazama sana. Nilijua ninaangalia kitu kinachonihusu, lakini bado sikuwa nimekipa jina. Njoroge alibaki nje, alisema anataka hewa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyeonekana hajala tangu asubuhi. Alitandaza picha zangu zote kwenye kisanduku cha mwanga, ya kwanza hadi ya mwisho, akazitazama kwa muda.

"Unafanya kazi gani?" akauliza.

"Kazi ya meno."

Swali hilo nilikuwa nimeulizwa mara nyingi, na jibu lilikuwa hilo hilo. Kila mtu aliandika kitu akaendelea. Nadhani waliniona nimevaa koti jeupe katika chumba kisafi, nikimpa daktari wa meno pamba.

"Kwa meno unafanya nini hasa?"

"Natengeneza mataji. Ya kuvisha jino."

Akaweka kalamu chini. "Unayatengeneza na nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia: plasta, nta, ule unga wa kuzika nta, metali, mchanga, kauri. Alinisimamisha kwenye mchanga, akataka kujua unatoka wapi na unaenda wapi. Alinisimamisha kwenye metali, akauliza inasagiwa wapi. Nikamwonyesha kwa mikono: hapa, mbele ya uso wangu, ili nione. Alipokuwa akiongea niliona jino lake moja la juu, lina mstari mwembamba wa kijivu karibu na ufizi. Metali chini, kauri juu. Aligundua ninamwangalia mdomoni akaufunga, kisha akaufungua tena.

"Hili niliwekewa zamani," alisema. "Sijawahi kujiuliza lilitoka wapi."

Nilifanyiwa kipimo cha mashine kubwa inayokupitisha katikati kama mkate kwenye tanuri. Nikapulizishwa mrija mpaka nikaona nyota. Makohozi yakapimwa upya. Nilirudi kwake wakati jua la Septemba limeanza kuwaka, Njoroge akiwa nje tena.

"Hii si TB," daktari alisema. "Na nadhani haijawahi kuwa. Ni vumbi la kazi yako. Limekaa ndani na mapafu yako yamefanya makovu kulizunguka."

"Kwa hivyo nitapona."

"Kovu haliondoki, mama. Na vumbi likishafika huko halitoki. Tutatuliza uvimbe, utapumua vizuri kidogo kuliko sasa. Lakini ukirudi kwenye ile meza, hatutakuwa na la kufanya."

Niliyasikia yote, lakini nililoliuliza lilikuwa jingine.

"Mtoto wangu anaweza kukaa na mimi?"

"Mtoto gani?"

"Nina msichana. Yuko kwa nyanya yake. Kwa sababu ya kuambukiza."

Daktari alivua miwani. "Angeweza kukaa na wewe wakati wote huo," alisema.

Watu huniambia nilipaswa kushukuru siku ile, kwa kujua. Nashukuru sasa. Siku ile nilitoka nikashika reli ya ngazi, na nilimwona Njoroge amekaa juu ya ukuta wa maua akila karanga kwenye karatasi. Nikamweleza. Alikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo sana.

"Nimelala kwa kile kiti bure," alisema hatimaye.

Alirudi chumbani usiku huo bila kubisha. Alilala chali, nami nikalala nimeegemea mito, kwa sababu nikilala chini nazama. Hatukugusana. Ilichukua majuma kabla hatujakumbuka namna ya kulala tukiwa wawili.

Vidonge vipya vilinivimbisha uso. Mashavu yakajaa, shingo ikafupika, njaa ikawa haina adabu, na nikawa na hasira za kitoto. Landless nzima ikanipongeza. "Umenona, Mama Wairimu. Sasa umepona." Nilikuwa nashukuru huku natafuta mahali pa kuegemea.

Kumchukua Wairimu, tulikwenda wote wawili. Cucu alitusikiliza mpaka mwisho.

"Walisema ni TB," alisema. "Sasa wanasema ni vumbi. Mwaka kesho watasema nini?"

Njoroge akamwambia kwa Kikuyu maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila nilisikia jina la yule dada yake Cucu aliyekufa. Nilikuwa nimekunywa chai nusu nikaacha kikombe mezani. Cucu hakusema pole. Alikichukua kile kikombe changu, akaweka mdomo wake pale pale nilipoweka wangu, akaimalizia ile chai. Kisha akaingia ndani kufunga mizigo ya mtoto.

Nilidhani hapo ndipo mambo yangeisha. Wairimu alirudi nyumbani, kitanda chake kikatandikwa, na asubuhi ya kwanza nilikaa kumsuka nywele. Alikaa kimya mbele yangu, mabega yamepanda juu. Nikasikia anaguna. Nikamgeuza, nikakuta uso umemjaa damu na mashavu yamevimba. Alikuwa ameshikilia pumzi. Alitoka mbio hadi mlangoni, akapumua, akarudi akakaa, akavuta nyingine akaifungia ndani.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Cucu. Tukiwa na wewe."

"Sasa siambukizi, mama. Hata zamani nilikuwa siambukizi."

Alitingisha kichwa kwamba amesikia, na alipokuja karibu akaishikilia tena. Iliendelea hivyo kwa muda. Nilimsuka mafungu madogo madogo, nikimwacha aende mlangoni kila anapotaka. Sikumgombeza, na nakuomba nawe usigombeze, mtoto wako akifanya hivyo. Siku moja nilikuwa nimefika kisogoni nikagundua hajainuka. Alikuwa anasimulia habari za mwalimu wake, anapumua tu. Nikaendelea kusuka.

Kazi niliacha. Nilikwenda Ruiru kuaga na kuchukua brashi zangu, ambazo sina matumizi nazo. Mwenye maabara hakuwa mtu mbaya. Alisikitika, akasema ataweka mashine ya kunyonya vumbi. Nasikia ameweka feni inayoelekea dirishani. Kuna maabara nyingine siku hizi ambazo hazimwagi metali, zina mashine inayochonga jino zima kutoka kwenye tofali jeupe la zirkonia, aina ya kauri ngumu, na watu husema huko ni safi. Mimi nimeuona unga unaobaki chini ya mashine hizo. Nao ni unga.

Mzee Mutuku alinisindikiza hadi chini. Tulishuka polepole, wote wawili tukihema, na kwenye orofa ya kwanza tukasimama.

"Mzee, nenda upige picha," nilimwambia. "Ukifika waambie kazi yako yote, mpaka mchanga. Usiseme tu kazi ya meno."

"Wakiniambia niache?"

"Basi utaacha."

"Niende wapi, Mwende? Umri huu, nimeshika hii kazi tangu nikiwa kijana. Wewe uko na bwana ana duka." Alikohoa, akangoja kipite. "Si kila siku ninakunywa maziwa?"

Bado hajaenda. Hunipigia simu mara moja moja, na tunaongea habari za nyumbani Ukambani, mvua imenyesha au haijanyesha. Nikiisikiliza pumzi yake kwenye simu naijua iko wapi, kama ninavyoijua yangu. Namwambia tena. Ananiambia wiki ijayo.

Kama unasaga, unachonga au unapuliza kitu chochote kuwa unga, meno, mawe, mbao, sijui, taja kazi yako mpaka mwisho, hata daktari akiwa na haraka. Kama wamekuambia ni TB, usiache dawa kwa sababu yangu. Kwa wengi ni TB kweli, na inapona. Uliza tu. Tafuta mito ya kuegemea. Julai usitoke kabla jua halijatoka. Na usikubali mtoto aondolewe kabla hujauliza watu wawili.

Mimi sasa nauza mayai na maziwa mlangoni kwangu. Uso umepungua uvimbe. Kwaya nimerudi, ninakaa pamoja nao na kufungua mdomo kwenye mistari mifupi. Kuna siku nzuri, na kuna msimu wa baridi, ambao kila mwaka unanichukulia kitu kidogo ambacho hakirudi. Daktari hunipulizisha ule mrija, ananionyesha mstari wa pumzi ulivyoshuka, kisha ananiandikia tarehe ya kurudi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni na Wairimu. Sasa yuko gredi ya tatu. Kile kimlima cha kutokea sokoni hadi barabarani zamani sikukijua kama ni mlima. Tulikuwa tumetembea kidogo tu akainama kufunga kiatu. Nikasimama kumngoja, nikavuta pumzi. Tukaendelea, akainama tena. Mara ya tatu nikakasirika, maana jua lilikuwa kali na kikapu kina viazi, nikataka kumwambia afunge viatu vyake vizuri mara moja twende nyumbani kama watu wengine.

Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki, vile vya kuingiza mguu tu, visivyo na kamba wala kifungo.

Alikuwa amechuchumaa, vidole vyake vinahangaika juu ya kiatu, hanitazami. Niliweka kikapu chini, nikaegemea ukuta wa duka la vyombo, nikangoja amalize kufunga.